Kalenda ya Siku za Majani

Mvua ya mawe ikiamua kunyesha Litein haibishi hodi. Siku hiyo ya soko, Agosti ya mwaka wa tisini na sita, ilimkuta Chepngeno katikati ya barabara ya udongo mwekundu, amevaa suti ya rangi ya maziwa na viatu vya kisigino vilivyomtesa hata kwenye lami ya Kericho. Akakimbia kama wengine wote, begi kifuani, akajipenyeza chini ya turubai la kwanza aliloliona. Lilikuwa la Beldina, muuza omena. Akateleza. Kisanduku cha disketi kikamponyoka, kikafunguka hewani, na disketi tisa zikatua juu ya rundo la omena.

"Haiya!" Beldina akashika kiuno. "Dada, kwenu samaki huwa wa mraba?"

"Usisonge, utazikanyaga," ikasema sauti ya mwanamume.

Akainama, mrefu, sweta ya kijani imeisha viwiko, gambuti zake zimezibwa kwa kiraka chekundu cha tyubu ya baiskeli. Akaziokota moja moja kwa ncha za vidole, akazipangusa kwa pindo la sweta.

"Tafadhali, polepole," Chepngeno akasema. "Unajua hizo ni nini?"

"Sijui," akajibu yule mtu, uso mkavu kabisa. "Lakini nikizikaanga na nyanya nitajua."

Beldina akacheka mpaka akashika mti wa turubai. Chepngeno alitaka kukasirika, akashindwa.

"Zimelowa?"

"Hapana. Moja tu ndiyo inanuka. Si neno. Ofisi yenye disketi kama hiyo haikosi paka." Akamkabidhi kisanduku. "Mimi naitwa Okemwa."

"Chepngeno."

Miaka hiyo, kwenye vilima hivyo, jina lilisikilizwa mara mbili: mara ya kwanza ujue utamwitaje mtu, mara ya pili ujue ametoka upande gani. Wote wawili walisikiliza mara mbili. Kisha mawe yakakoma, kila mtu akashika njia yake.

Nusu saa baadaye Chepngeno aliingia ofisi ya Mradi wa Maji, tawi la Litein, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za ng'ombe. Mbele ya kompyuta alikaa mtu wa sweta ya kijani.

"Karibu, Mama Samaki," Okemwa akasema. "Nilidhani makao makuu wangenitumia mzee mwenye tai."

"Nami nilidhani mpangaji kazi wa Litein huvaa viatu."

"Huvaa. Jumapili."

Sasa, kilichomleta Chepngeno ni hiki. Mradi ulikuwa na ofisi tatu za kupanga kazi: Litein, Kapkatet na Silibwet. Zote zilipewa kompyuta na programu moja ya kupanga kazi, lakini kila ofisi ilimlea mtoto huyo kivyake. Mtaro ukichimbwa ukaisha, Litein waliandika "umekwisha", Kapkatet wakaandika "hatua ya tatu", na Silibwet hawakuandika kitu, walipaka manjano tu. Na Kapkatet manjano ilimaanisha kazi imechelewa! Bwana Kipkosgei, mkuu wa mradi, alipojaribu kuunganisha mipango hiyo mitatu pale Kericho, alipata kitu kama gazeti lililonyeshewa.

Chepngeno, aliyeajiriwa kupiga chapa na akajifunza kompyuta saa za chakula cha mchana, alisimama mwenyewe akasema, "Nipe mimi hiyo kazi." Akatengeneza kile alichokiita faili mama: majina ya hatua, rangi, majedwali na kalenda ya kazi, vyote kwenye disketi moja. Kila ofisi ikipakiwa hiyo, zote tatu zitasema lugha moja. Pamoja na disketi ulikuja waraka wenye sahihi yake: *Mtu yeyote asibadilishe chochote kilichomo kwenye faili mama.*

"Kwa hivyo mimi na rangi zangu, kwaheri?" Okemwa akauliza.

"Kwani zambarau ni ya nini?"

"Ni ya kazi ambayo nyapara anasema imeisha na mimi sijaiona."

Chepngeno akacheka kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya ofisini. "Hiyo nitafikiria."

"Basi kaa kidogo. Niende nilete chai na mandazi, halafu tuangalie pamoja. Kuna mambo ya Litein nataka kukuonyesha kabla hujapakia."

Akatoka. Nje, dereva wa Landrova akapiga honi. Alitaka kufika Silibwet kabla barabara haijageuka uji. Chepngeno akatazama saa, akatazama mlango, akaingiza disketi. Programu ikauliza: majedwali yenye jina hili yapo tayari, niyabadilishe? Ndiyo. Rangi zipo tayari? Ndiyo. Kalenda yenye jina hili ipo tayari, niibadilishe? Mkono wake ulikuwa umeshazoea. Ndiyo.

Okemwa aliporudi na chupa ya chai, mgeni alikuwa mlangoni na begi begani.

"Nimemaliza tayari. Mengine utanipigia simu."

"Na mandazi?"

Akachukua mawili, akayafunga kwa leso, akakimbilia Landrova. Okemwa akabaki amesimama na chupa mkononi, akitabasamu kama mtu aliyeibiwa kitu asichokihitaji.

Simu zikaanza. Kwanza zilikuwa za kazi.

"Makao makuu? Hapa Litein. Nauliza, ile rangi ya bluu ni bluu ya mbingu ama bluu ya sare ya shule?"

"Okemwa, ziko bluu ngapi kwenye mashine yako?"

"Nyingi. Lakini sina wa kuniambia ipi inakupendeza."

Wiki ya pili kazi ikapungua kwenye simu hizo. Wiki ya tatu Fancy, karani wa Kapkatet aliyetumia laini hiyo hiyo ya mradi, akainua mkono wa simu, akasikia "lala salama, mpenzi" saa nane mchana, akairudisha polepole. Kufikia jioni hakuna ofisi ambayo haikujua.

Jumapili moja Okemwa alifika Kericho. Alikuwa amevaa koti la kahawia pana mabegani, na viatu, kama alivyoahidi. Chepngeno alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, shanga moja tu shingoni. Wakala chipsi, kisha wakatembea hadi pale majani ya chai yanapoanza, kijani kimelala kwenye vilima kama blanketi iliyotandikwa na mama mkali.

"Wewe umezaliwa wapi?" akauliza Chepngeno.

"Hapo." Okemwa akaonyesha mistari ya nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa. "Baba alitoka Kisii akiwa kijana, akachuma hapo miaka ishirini, halafu akanunua ekari mbili upande wa Litein. Mwaka wa tisini na mbili tukaamka, nyumba inawaka. Tukalala kanisani wiki tatu. Tuliporudi tulipanda upya. Unajua kilichoniuma, Chepngeno? Nyumba hujengwa. Kilichoniuma ni kwamba hakuna mtu aliyetuuliza. Watu waliamua tu tuondoke, kama mtu anayefuta ubao."

Chepngeno hakutafuta maneno mazuri. Alimshika mkono, na hakuuachilia hata walipopita mbele ya kanisa wakati watu wanatoka.

"Utasemwa," Okemwa akamwambia.

"Waseme. Nimesemwa kwa mambo madogo zaidi ya wewe."

Katikati ya Septemba mipango ya ofisi zote tatu iliingia kwenye karatasi moja kwa mara ya kwanza, safi, majina sawa, rangi sawa. Bwana Kipkosgei alifurahi kwa dakika kama mbili hivi. Kisha akavaa miwani.

"Mbona Litein yote ni nyekundu?"

Kweli. Kapkatet ilikuwa imechelewa kidogo, Silibwet kidogo, lakini Litein ilikuwa nyuma wiki tatu. Paipu zilifikishwa kando ya mitaro ambayo haikuwa imechimbwa. Na ripoti ya Okemwa ilikuwa na mstari mmoja mkavu: *Wachimbaji hawakupatikana.*

"Huyu kijana amelala," Bwana Kipkosgei akasema. "Alhamisi tuna mkutano wa ofisi zote. Litein ikiwa bado hivi, nitamwondoa, niweke mtu mwingine. Tayarisha barua, Chepngeno. Wewe ndiye mratibu, utaweka sahihi chini ya yangu."

Chepngeno akapiga simu Litein.

"Okemwa, kuna nini huko? Nakupigia siku ya nne haushiki."

"Nilikuwa kwa mtaro."

"Mtaro upi? Si umeandika hakuna mtu anachimba?"

"Ndiyo. Nilikuwa huko peke yangu. Kalenda yako inasema ni siku ya kazi."

Sauti yake haikuwa na mzaha hata punje. Chepngeno hakuwahi kuisikia ikiwa hivyo.

"Usiniongelee hivyo. Watu wanasema umelala kazini, mimi nakutetea..."

"Usinitetee. Ulichofanya unakijua."

"Nimefanya nini? Sema!"

"Waraka ni wako, sahihi ni yako. Ulisema tusiguse. Sijagusa. Nilidhani wewe ni tofauti, Chepngeno."

Simu ikakatwa. Chepngeno akabaki ameushika mkono wa simu. Kwanza alikasirika. Anamnunia kwa sababu ya rangi ya zambarau? Amegoma kimyakimya ili faili yake ionekane mbaya? Akaiandika ile barua kwa hasira, herufi zikilia kwenye mashine. Halafu alipofika mahali pa sahihi yake, kalamu ikagoma. Hakupata kazi hii kwa kusikia mambo upande mmoja. Jumanne asubuhi akavua visigino, akaazima gambuti za mlinzi, akaenda Litein mwenyewe.

Hakupitia ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtaro. Paipu zilikuwa zimepangwa nyasini, sululu zimeegemezwa, mtu hakuna. Lakini upande wa pili wa ua, kati ya michai, kulikuwa na kofia, leso na vikapu vinavyosogea. Wachimbaji wote walikuwa humo, wanachuma. Mzee Kipkurui, nyapara wao, alikuwa mstari wa kwanza, kikapu mgongoni.

"Chamge, mzee," akamwamkia.

"Chamge mising, mama. Umepotea?"

"Mimi ni wa mradi. Leo ni siku ya kuchimba. Mbona mko kwa majani?"

Mzee akamtazama kama mtu anayeuliza kwa nini jua linatokea kule linakotokea. "Leo Jumanne. Lori ya majani inapita kituo chetu Jumanne na Ijumaa. Nisipochuma leo, nitauzia nani kesho? Jani likikomaa halirudi kuwa changa."

"Na mlikuwa mnachimba lini, zamani?"

"Siku zingine zote! Hata Jumamosi. Huyo kijana Okemwa alikuja kwa kila nyumba na kalamu, akauliza, kwako lori ni lini? Kwako? Akaziweka kwa hiyo kompiuta yake, akasema hatatuita siku ya majani. Na hakutuita. Halafu mwezi jana zikaja karatasi mpya, njooni Jumanne, njooni Ijumaa, na Jumamosi hatuitwi tena. Nilimwuliza, Okemwa, umetusahau? Akanyamaza tu."

Chepngeno alisimama kwenye mtaro ule mtupu, na kile kisanduku cha swali kwenye kioo cha kompyuta kikamrudia machoni. *Kalenda yenye jina hili ipo tayari, niibadilishe?* Ndiyo. Mashine ilimwuliza. Yeye hakumwuliza mtu. Na mtu mwenyewe alikuwa amekwenda kumletea chai.

"Mzee," akasema, "kwenye karatasi hizo aliyekosea ni mimi."

"Basi rekebisha," mzee akasema, akageukia majani yake. "Si umevaa gambuti?"

Ofisini Okemwa hakuwepo. Alikuwa amekwenda Silibwet kuchukua viungo vya paipu. Ukutani mpango wake wa zamani ulikuwa bado umebandikwa, Jumanne zote na Ijumaa zote zimetiwa kivuli cha penseli. Chini ameandika kwa mkono: *siku za majani.* Chepngeno aliutazama mpaka macho yakamwuma. Kisha akavuta kiti.

Kuirudisha kalenda ya Litein ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini akawaza: na wengine je? Akapiga Kapkatet.

"Fancy, hapo kwenu lori ya majani hupita lini?"

"Jumatatu na Alhamisi. Kwa nini, dia, unataka kuchuma?"

"Na siku hizo wachimbaji wenu huja?"

"Wanakuja? Thubutu! Mimi hujaza tu kwamba wamechelewa. Si faili yako haina pahali pa kusema wako kwa majani?"

Silibwet wakamwambia Jumatano na Jumamosi. Hapo ndipo Chepngeno alipoona alikokwenda kombo. Alitaka ofisi tatu ziseme lugha moja, akazilazimisha pia zilale na kuamka wakati mmoja. Akaianza faili mama upya. Majina ya hatua, sawa kwa wote. Rangi, sawa kwa wote, na zambarau akaiongeza. Lakini kalenda akaweka tatu, kila moja kwa jina lake: Majani Litein, Majani Kapkatet, Majani Silibwet. Zote zikakaa kwenye faili moja, ofisi zote zikaziona, na hakuna hata moja inayoweza kuifunika nyingine.

Alhamisi, Kericho, chumba cha mkutano kilinuka nta ya sakafu na makoti yaliyolowa. Okemwa alikaa nyuma kabisa na koti lake la kahawia, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Barua ilikuwa mezani mbele ya Bwana Kipkosgei, sahihi moja ikikosekana.

"Tuanze na Litein," mkuu akasema.

Chepngeno akasimama.

"Bwana Kipkosgei, Litein haikulala. Okemwa alikuwa na kalenda aliyoiulizia nyumba kwa nyumba. Mimi niliifuta siku nilipopakia faili mama. Sikumwuliza. Halafu nikaandika waraka kwamba mtu asiguse. Wiki hizo tatu nyekundu ni zangu. Kama barua lazima iandikwe, iandikwe kwa jina langu."

Fancy akaacha kutafuna mandazi. Kule nyuma Okemwa aliinua kichwa.

Chepngeno hakungoja aulizwe. Akagawa karatasi mpya. "Hii ni kazi ile ile, imehesabiwa kwa siku ambazo watu wapo kweli. Tukiifuata, Litein inamaliza wiki ya pili ya Novemba, na maji yanafika Silibwet kabla ya Krismasi. Kapkatet na Silibwet pia zilikuwa zinadanganywa na kalenda yangu. Hawakusema tu."

Bwana Kipkosgei alisoma muda mrefu, kidole kikifuata mistari.

"Kwangu lori hupita Jumatano," akasema mwishowe, kama anayejisemea. "Na mke wangu Jumatano hata mimi hanipikii." Akaikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni. "Waraka wako, Chepngeno, uandike upya. Sema mtu asibadilishe bila kuuliza. Na wewe pia uulize."

"Nitauliza."

Nje, kwenye veranda, mvua ya mchana ilikuwa imeanza. Okemwa alisimama akiitazama.

"Ungekaa kimya tu," akasema bila kugeuka. "Hakuna mtu angejua."

"Mzee Kipkurui angejua. Nawe ungejua." Akamsogelea. "Okemwa, niligusa kitu chako bila kukuuliza. Ulikuwa umeniambia kinavyouma, na hata hapo sikukumbuka nilichofanya. Nisamehe."

Akageuka. Macho yalikuwa na maji, lakini mdomo ulikuwa umeanza ujinga wake wa kawaida.

"Mimi pia nina makosa. Ile kalenda niliiacha na jina lile lile iliyokuja nalo kwenye mashine. Mtu akiwa na kitu cha maana si akipe jina? Halafu nikanuna. Nilipoona imefutwa nilirudi moja kwa moja mwaka wa tisini na mbili. Nikakuweka pamoja nao. Wewe, uliyenishika mkono mbele ya kanisa zima."

"Na mandazi yako nikala."

"Mawili! Hilo bado sijasamehe."

Chepngeno akacheka, akalia, akapanguswa machozi kwa pindo la koti pana. Fancy alipita na mwavuli akaangalia pembeni kwa heshima, hatua tatu hivi, kisha akageuka kuangalia vizuri.

Novemba mitaro ya Litein ikafukiwa. Jumatatu moja asubuhi simu ya Kericho ikalia.

"Makao makuu? Hapa Litein. Nina swali la kalenda."

"Uliza."

"Kituo cha majani cha kwenu, kwa babako, kiko kwa Majani Kapkatet, sivyo?"

"Ndiyo. Jumatatu na Alhamisi. Kwani kuna paipu inapita kwetu?"

"Hapana." Alikohoa. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya omena, Okemwa alitafuta maneno. "Ni baba yangu na wazee wengine wawili. Nilikuwa nafikiria Jumamosi ya pili ya Desemba. Sitaki tumkute babako ana kikapu mgongoni, halafu aseme watu wa Kisii hawajui kuuliza siku."

Chepngeno alikaa. Mbele yake, kwenye kioo, Desemba ilikuwa nyeupe, miraba yake imepangwa, inangoja.

"Okemwa."

"Naam."

"Unajua baba atauliza huyu ni wa nani, na wajomba zangu watauliza mara mbili?"

"Najua. Waulize hata mara kumi. Mimi nitakaa hapo nijibu. Lakini wa kwanza kuulizwa ni wewe, ndiyo sababu nimepiga."

Kwenye laini, mahali fulani upande wa Kapkatet, mtu alikuwa amezuia pumzi.

"Fancy, toka kwa simu," Chepngeno akasema.

"Jibu kwanza, dia!" ikasema sauti ya tatu.

Chepngeno akaivuta kibodi. Jumamosi ya pili ya Desemba. Akaandika *wageni kutoka Litein*. Akapaka rangi, na hakuchagua zambarau. Alichagua ile ya kazi ambayo ameiona kwa macho yake mwenyewe.

"Njooni," akasema. "Lakini uvae viatu."